Kutafuta kazi ukiwa unatibiwa afya ya akili: umwambie nini mwajiri, lini, na kwa maneno gani

Mwongozo huu ni kwa aliyewahi kulazwa, anayehudhuria kliniki ya afya ya akili, au anayemeza dawa za sonona, wasiwasi uliopitiliza, kifafa au hali ya hisia kupanda na kushuka, na sasa anatafuta kazi Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe au popote Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Karibu wote huuliza swali moja: nimwambie mwajiri au ninyamaze?

Msimamo wangu ni huu. Mwajiri hana haja na jina la ugonjwa wako. Anachohitaji kujua ni kazi gani unaiweza, na kama kuna jambo unaloomba ili uifanye vizuri. Wengi wanaumia kwa kuchanganya hayo mawili. Mmoja anamwaga historia yake yote siku ya usaili, mbele ya watu watano asiowajua. Mwingine anaficha hata anapozidiwa, anakosa kazini siku nne bila taarifa, na barua ya utoro inamkuta kitandani.

Huku kwetu kuna ugumu wake. Miji ni midogo na watu wanajuana. Foleni ya kliniki unayokaa asubuhi inaweza kuwa na jirani wa bosi wako, na mhasibu wa ofisi unayoomba anaimba kwaya na mama yako mdogo. Kwa hiyo kupanga nani ajue nini ni kazi unayopaswa kuifanya mapema, kabla hata ya kuchapa barua ya maombi.

Hatua ya kwanza: anza na daktari wako

Siku ya kliniki, usiishie kuchukua dawa na kuondoka. Mwambie daktari au muuguzi kwamba unatafuta kazi, na umtajie ni kazi gani. Muulize kama dawa unazotumia zinaleta usingizi au mikono kutetemeka, na kama muda wa kuzimeza unaweza kusogezwa. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Dawa kadhaa za magonjwa ya akili huacha uzito wa kichwa asubuhi, na kazi nyingi za huku zinaanza alfajiri: kiwanda cha chai Mufindi, mashine za mbao Mafinga, ghala la mazao Mbalizi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi na ukungu vikishuka, kuamka saa kumi na moja na kichwa kizito ni mateso. Wakati mwingine kumeza dawa mapema zaidi jioni kunatosha, lakini mpangilio huo uutoe kwa daktari, usijitungie mwenyewe. Na usiache dawa ili uwe mchangamfu wiki ya usaili. Ukiziacha ghafla unaweza kuzidiwa wakati uleule unaohitaji akili itulie.

Muulize pia kuhusu zamu ya usiku. Kwa mwenye hali ya hisia kupanda na kushuka, kukosa usingizi kunaweza kuamsha ugonjwa, hivyo kazi ya ulinzi wa usiku au zamu za kupokezana inahitaji mazungumzo kabla hujasaini.

Ukitoka hapo, andika kwenye karatasi sentensi mbili au tatu za mahitaji yako. Mfano: "Nahitaji siku moja kila mwezi ya kliniki. Nisipangiwe usiku. Maelekezo marefu nipewe kwa maandishi." Karatasi hiyo ndiyo utakayoitumia hatua zote zinazofuata. Utashangaa jinsi orodha inavyokuwa fupi, na jinsi ambavyo wafanyakazi wengine huomba makubwa kuliko hayo bila kuonewa haya.

Hatua ya pili: zungumza na wanaojua tayari

Hatua hii watu huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua mengi.

Kazi nyingi mikoa hii hupatikana kwa kushikwa mkono. Mjomba anamjua meneja, mchungaji anaandika barua ya utambulisho, kaka uliyesoma naye anakuita kujitolea kwenye mradi Njombe. Watu haohao ndio waliokuona ulipougua, na wengine walikubeba kukupeleka hospitali. Wanaweza kukusemea kwa nia njema kabisa: "Mpe nafasi huyu kijana, alisumbuliwa na kichwa lakini sasa yuko sawa." Sentensi moja hiyo, na wewe hujaingia hata getini.

Basi mfuate anayekuombea kazi, mkae chini. Sema wazi unachoomba: "Mjomba, nakushukuru sana kwa kunisemea. Naomba jambo moja. Habari ya ugonjwa wangu uniachie mimi niiseme mwenyewe, wakati wake ukifika. Wakikuuliza nilikuwa wapi mwaka jana, waambie nilikuwa nauguza afya, nimepona vizuri, mengine waniulize mimi." Mpe maneno kamili. Ukimwambia tu "usiseme," atababaika siku akiulizwa, na kubabaika kunasema zaidi.

Fanya hivyo pia kwa wadhamini unaowaandika kwenye CV. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huomba wadhamini watatu, na waajiri binafsi nao huwapigia simu. Mwalimu wa chuo aliyekufundisha kabla hujaugua anaweza kuwa bora kuliko jirani anayekupenda lakini hana breki mdomoni. Kwa vyovyote, usimwandike mtu bila kumpigia kwanza.

Hatua ya tatu: CV yenye pengo

Tuseme ulimaliza chuo Mbeya au Iringa mwaka 2021, ukafanya kazi mwaka mmoja, kisha ukakaa nyumbani miezi kumi na nne. Usibadilishe tarehe ili kuziba pengo. Mwajiri akipiga simu kwa mwajiri wa zamani, uongo unaonekana, na hapo unakosa kazi kwa uongo hata kama ugonjwa usingekukosesha.

Kama katika miezi hiyo ulilima mpunga Mbarali, ulisimamia parachichi za familia Rungwe au ulimsaidia dada duka Mwanjelwa, iandike, kwa sababu ni kazi. Andika ulichofanya hasa: ulihesabu mauzo, ulilipa vibarua, ulitunza daftari. Kama hukufanya lolote, acha pengo lilivyo, na uandae jibu la mdomo. Barua ya maombi haina nafasi ya ugonjwa. Inazungumzia kazi na uwezo wako, basi.

Kuna hali moja tofauti. Matangazo ya ajira za serikali huwahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba, na huwataka waainishe kwenye mfumo wa maombi ulemavu walionao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inahesabu pia ulemavu unaotokana na akili, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kama hali yako ni ya muda mrefu na inakuzuia mambo, unaweza kuchagua njia hiyo. Ni haki yako, wala hujaomba sadaka. Ila fahamu kwamba ukishaainisha, umeshasema, kwa hiyo amua ukiwa umetulia. Usiijaze sehemu hiyo usiku wa kufunga maombi.

Hatua ya nne: chumba cha usaili

Maneno machache yanatosha hapa. Wakikuuliza kuhusu pengo, jibu kwa pumzi moja: "Nilipata tatizo la kiafya, nikatibiwa, na sasa niko tayari kwa kazi. Katika kipindi hicho nilikuwa nasimamia shamba la nyumbani." Kisha rudisha mazungumzo kwenye kazi: "Na ndiyo maana nafasi hii ya utunzaji ghala imenivutia." Usiongeze kitu. Ukimya ukifuata, uache upite.

Wakikuuliza udhaifu wako, usiuweke ugonjwa hapo. Ugonjwa si udhaifu wa kitabia, na swali hilo halikuuliza habari za hospitali.

Akitokea msaili akakuuliza moja kwa moja kama umewahi kuugua akili, unaweza kusema kwa heshima: "Sina jambo la kiafya linalonizuia kufanya kazi hii. Mkinichagua, niko tayari kupimwa afya kama waajiriwa wengine." Sema hivyo kama ni kweli kwa kazi hiyo. Ukitoka nje, andika swali hilo, tarehe na waliokuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kinga hiyo inamhusu hata mwombaji wa kazi ambaye bado hajaajiriwa.

Hatua ya tano: fomu ya afya

Umepata kazi, umepewa barua, na ndani yake kuna fomu ya kupimwa afya. Mikono inaanza kutoka jasho. Kupimwa si kitu cha ajabu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka upimaji wa wafanyakazi, na viwandani na migodini, kama kule Chunya, hufanyika kwa kawaida.

Kwenye fomu unaweza kukuta mstari unaouliza kama umewahi kuugua ugonjwa wa akili au kifafa, na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Hapa nasisitiza: kunyamaza na kudanganya ni mambo mawili. Kutolitaja jambo ambalo hujaulizwa ni haki yako. Kuweka alama ya Hapana na kutia sahihi wakati unajua ni Ndiyo ni kumpa mwajiri sababu ya kukuondoa baadaye kwa kukosa uaminifu, na hapo hata mtetezi wako atakosa pa kushika.

Kwa hiyo fomu ya namna hii mpelekee daktari anayekupima, usimkabidhi karani wa ofisi ikiwa imejazwa. Andika kwa ufupi: "Ndiyo. Nilitibiwa, nahudhuria kliniki, hali imetulia." Mshikishe na barua kutoka kwa daktari wako. Kisha muombe jambo hili: taarifa inayorudi kwa mwajiri iseme tu kama unafaa kwa kazi, unafaa kwa masharti fulani, au hufai. Maelezo ya ugonjwa yabaki kwenye faili la hospitali.

Barua ya daktari isiwe ndefu. Inaweza kusomeka hivi:

"Mhusika yuko chini ya uangalizi wangu. Hali yake imetulia na anaweza kufanya kazi za ofisi kwa saa za kawaida. Anahitaji kuhudhuria kliniki siku moja kila mwezi, na kwa sasa nashauri asipangiwe zamu ya usiku. Ushauri huu utapitiwa upya baada ya miezi sita."

Angalia kwamba jina la ugonjwa halimo. Sasa geuza jicho kwenye mhuri. Barua safi kabisa inaweza kugongwa muhuri wa idara ya afya ya akili, na siri yote ikawa imekwisha hapo. Omba kwa upole igongwe mhuri wa hospitali au wa mganga mfawidhi, ukieleza sababu. Fanya hivyohivyo kwa karatasi ya ED, ile ya daktari ya kukupumzisha kazi, siku utakapoumwa.

Kazi ambazo lazima useme kabla ya kuanza

Ushauri wangu wa kusubiri una mpaka. Kama kazi ni kuendesha gari, kupanda nguzo au mapaa, kusimamia msumeno, au kubeba silaha, na una kifafa, dawa inayolaza macho, au umewahi kupoteza fahamu, basi sema kabla ya siku ya kwanza. Dereva wa lori la Tunduma anayeteremka mlima wa Kitonga na usingizi wa dawa anabeba roho za watu wengine. Sheria nayo inaruhusu mwajiri kuangalia masharti ya msingi ya kazi yenyewe. Mara nyingi kampuni hiyohiyo ina nafasi nyingine, ya mizani, stoo au ofisini. Omba hiyo.

Hatua ya sita: kusema ukiwa kazini

Kwa kazi nyingine, mimi hushauri hivi: kama unachohitaji kinaweza kusubiri, subiri mpaka uitimize miezi sita. Sababu yake ni ya kisheria. Mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita hana ile kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, na likizo za malipo, pamoja na ya ugonjwa, nazo kwa kawaida humfikia baada ya muda huo. Kinga dhidi ya ubaguzi anayo tangu mwanzo, lakini kuthibitisha ubaguzi ni kazi ngumu zaidi. Baada ya miezi sita pia unakuwa umeonekana unavyofanya kazi, na hilo linakusemea.

Ikiwa kliniki haiwezi kusubiri, omba ruhusa ya kliniki tu. Anayefanya kazi Mafinga na kutibiwa Iringa mjini, au aliye Tukuyu na kutibiwa Mbeya, siku nzima inakatika kwa safari na foleni. Watu wenye shinikizo la damu na kisukari huomba ruhusa kama hiyo kila mwezi.

Siku ya kusema, chagua mtu mmoja. Kama kuna ofisa rasilimaliwatu, anza naye. Usianzie kwa mwenzako wa meza ya pili. Usiseme kwa WhatsApp, wala Ijumaa jioni watu wakifunga ofisi. Omba dakika kumi, mlango ukiwa umefungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante mama. Nimekuja kwa jambo la kikazi. Nina tatizo la kiafya la muda mrefu, linatibiwa na limetulia. Kazi zangu naziweza, kama ulivyoona. Naomba mambo mawili: Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi niende kliniki, na nisipangiwe usiku. Barua ya daktari hii hapa."

Atauliza, karibu kila mara: "Ni tatizo gani hasa?" Anauliza kwa huruma, wala si kwa ubaya. Jibu: "Mama, naomba hilo libaki kati yangu na daktari. Yote yanayohusu kazi yamo kwenye barua." Kama unamwamini na ungependa kumtajia, mtajie, ni uamuzi wako. Ila ukishataja huwezi kurudisha.

Kabla hujainuka, uliza barua itahifadhiwa wapi na nani ataisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, hivyo karatasi hiyo haipaswi kulala mezani au kupigwa picha ikazunguka. Siku hiyohiyo mwandikie ujumbe mfupi wa kumshukuru na kutaja mlichokubaliana. Ujumbe huo uutunze.

Kwa aliyeajiriwa dukani, gereji au shambani kwa mtu binafsi, hakuna ofisa wala faili. Hapo sema machache zaidi: siku ya kliniki, na nani apigiwe simu ukiugua.

Hatua ya saba: panga siku ya kuzidiwa

Ugonjwa unaweza kurudi, na siku hiyo mwenyewe hutakuwa katika hali ya kujieleza. Simu kwa bosi itapigwa na ndugu, akiwa na hofu, na atasema lolote: "Amechanganyikiwa, tumempeleka kwenye maombi." Kesho yake kundi la WhatsApp la ofisi limejaa dua na maswali.

Zuia hilo sasa ukiwa mzima. Chagua ndugu mmoja, mpe namba ya ofisa rasilimaliwatu, na maneno haya: "Ndugu yangu anaumwa, tuko hospitali, karatasi ya daktari tutaileta." Waambie wengine nyumbani kwamba ni huyo tu anayeongea na ofisi. Aende na ED kabla siku hazijawa nyingi, maana utoro usio na taarifa ndio unaofukuzisha watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Likizo ya ugonjwa ipo: hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari aliyesajiliwa. Cheti cha mganga wa kienyeji au barua ya kanisa haitoshi kwa jambo hili, hata kama huko nako ulipata faraja.

Ukirudi, omba mazungumzo ya kuanza taratibu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa ugonjwa, aangalie hali ni ya muda au ya kudumu na kama kazi inaweza kurekebishwa au kubadilishwa. Kumbuka kuyataja hayo kwa utulivu, na karatasi yako ya mahitaji ukiwa nayo mkononi.

Mambo yakiharibika

Ukiachishwa kazi na unaamini sababu ni ugonjwa wako, usisaini barua ya kuacha kazi kwa hiari ati ili ulipwe haraka. Chukua nakala ya kila kitu: mkataba, barua za daktari, ujumbe, hati za mshahara. Kwa sekta binafsi nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Mbeya na Iringa. Utajaza Fomu Namba 1, nakala moja utampelekea mwajiri na utabaki na ushahidi kwamba ameipokea. Malalamiko ya kuachishwa kazi yana siku 30, mengine kama ubaguzi yana siku 60. Mtumishi wa umma anapitia kwanza ngazi za rufaa za utumishi, hadi Tume ya Utumishi wa Umma. Kama una chama cha wafanyakazi, mpigie katibu siku ya kwanza.

Siku hizo 30 huisha haraka, hasa kwa mtu ambaye kuachishwa kazi kumemrudisha kitandani. Kwa hiyo yule ndugu uliyemchagua mwonyeshe mapema nakala zako zinakaa wapi na ofisi ya CMA iko mtaa gani, ili akusindikize ndani ya wiki ya kwanza.